Mtandao ukianguka, tuambiwe umeanguka kwa nani

Jumamosi ya tarehe 3 Oktoba 2020, mtu aliyekuwa na pesa benki nchini Uganda na kutaka kuzivuta kwenye simu yake alijikuta amekwama. Katika taarifa ya pamoja iliyofuata, MTN Uganda, Airtel Uganda na Benki ya Stanbic zilieleza kuwa mtoa huduma mwingine, anayesimama kati yao, alipatwa na tatizo la mitambo, na kwamba huduma zote za kuhamisha pesa kati ya benki na simu zimesimamishwa. Wateja waliambiwa salio zao hazijaguswa. Jina la mtoa huduma huyo halikuandikwa. Lilikuja kutajwa na vyombo vya habari: Pegasus Technologies, kampuni ya Kampala ambayo kazi yake ni kuunganisha mitambo ya benki na ya kampuni za simu ili pesa ipite. Wezi wa mtandaoni walikuwa wamepenya hapo, wakatumia laini nyingi za simu kuchota pesa, na hasara iliyoripotiwa ilikuwa ya mabilioni ya shilingi.

Kwenye mwalo wa Masese, Jinja, habari ya namna hiyo haipokelewi kama habari ya Kampala. Mitumbwi inarudi alfajiri. Mwenye mtumbwi amekopa petroli ya usiku na anataka pesa yake kabla mzigo haujaondoka kwenye mizani. Anayenunua sangara kupeleka kiwandani, na mama anayenunua mukene wa kukaushwa (dagaa kwa Mtanzania, omena kwa Mkenya), hawatembei tena na noti kiunoni. Pesa iko benki au kwenye sacco, na mtu huivuta kwenye simu saa anapoihitaji. Akishindwa kuivuta saa mbili asubuhi, barafu inayeyuka, lori la Mbale linaondoka bila mzigo wake, na mteja wa Malaba anampigia muuzaji mwingine.

Mwaka ule mengi yalisemwa kuhusu wezi, na ni haki yao kusemwa. Sisi tunauliza jambo jingine. Ilikuwaje kampuni mbili za simu zinazogombania wateja kila siku, pamoja na benki kubwa, zikawa zinategemea mlango mmoja wa kampuni ambayo wateja wao wengi hawakuwahi kuisikia?

Jibu ni utaratibu ambao umeenea kimyakimya katika ukanda wetu: kampuni kuikabidhi kampuni ya nje kazi zake za kompyuta, kwa mkataba na kwa malipo. Utaratibu wenyewe si mgeni kwa msomaji wetu. Mwenye mzigo mdogo wa thamani isiyozidi dola 2,000 anaweza kuupitisha mwenyewe Busia au Malaba kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa bidhaa yake iko kwenye orodha. Mwenye mzigo mkubwa humwajiri wakala wa forodha. Wakala anaujua mfumo, ana leseni, na malipo yake ni nafuu kuliko mshahara wa mtu wa mwezi mzima kwa ajili ya makontena mawili. Benki na kampuni za simu hufanya hesabu hiyohiyo kuhusu sava, programu za hesabu, vituo vya kupokea simu za wateja na ulinzi wa data. Tofauti ni kwamba wewe wakala wako unamjua kwa jina, una namba yake, na mzigo ukikwama unajua pa kwenda kugomba.

Utaratibu huu unaeneaje kutoka kampuni moja hadi nyingine? Hadithi inayosimuliwa sana ni ya Kodak. Mwaka 1989 kampuni hiyo ya Marekani, iliyojulikana dunia nzima kwa filamu za kamera, iliikabidhi IBM vituo vyake vya kompyuta, ikaipa kampuni ya Digital mitandao yake ya mawasiliano, na Businessland ikapewa kompyuta za mezani. Kabla ya hapo, kutoa kazi ya namna hiyo nje kulionekana ni jambo la kampuni iliyoshindwa kujiendesha. Kodak lilikuwa jina kubwa. Wakurugenzi wa kampuni nyingine wakaanza kuulizwa kwa nini wao bado.

Mwaka 1992 watafiti wawili, Lawrence Loh na N. Venkatraman, walichapisha utafiti uliosema kwamba kampuni za Marekani zilisukumwa zaidi na kuigana zenyewe kwa zenyewe kuliko na maneno ya watu wa nje, na kwamba kuigana huko kulipamba moto baada ya Kodak. Miaka mitano baadaye Qing Hu, Carol Saunders na Mary Gebelt waliziangalia kampuni 175 na hawakukubaliana nao. Hawakuona Kodak kama chanzo cha wimbi. Waliona msukumo uliochanganyika: wauzaji, vyombo vya habari na majirani, vyote kwa pamoja. (Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Iliangushwa na kamera za kidijitali, wala si mkataba wa IBM, lakini anayependa kufuata majina makubwa na alijue hilo.)

Wasomi waendelee na ubishi wao. Anayezunguka kati ya Jinja, Mbale, Busia na Kisumu kwa ajili ya gazeti huziona njia zote hizo, na anaiona nyingine iliyo na nguvu kuliko zote hapa kwetu: utaratibu huja pamoja na mwenye mali.

Chukua Airtel. Kampuni mama, Bharti ya India, iliikabidhi IBM mitambo yake ya kompyuta tangu 2004, na mtandao wenyewe ukawekwa mikononi mwa watengenezaji kama Ericsson. Wakati ule watu walishangaa kampuni ya simu inawezaje kutoa nje kazi ya mtandao wake. Mwaka 2010 Bharti ilinunua shughuli za Zain barani Afrika kwa dola bilioni 10.7, na kabla mwaka haujaisha ikatangaza mkataba wa miaka kumi wa IBM kusimamia mitambo ya kompyuta katika nchi 16 za bara hili, Uganda ikiwemo. Mteja wa Jinja aliyeanza na Celtel, akaambiwa sasa ni Zain, kisha akaambiwa ni Airtel, aliona rangi ya bango ikibadilika. Kilichobadilika nyuma ya bango hakukiona, na uamuzi wake ulifanyika India.

M-Pesa nayo ilikuwa hivyo. Hadi mwaka 2015 mitambo yake iliwekwa Ujerumani, chini ya mfumo wa Vodafone, mbia mkubwa wa Safaricom. Mwenye duka wa Busia upande wa Kenya akimtumia jirani yake wa mtaa wa pili shilingi mia tano, amri ile ilikwenda Ulaya na kurudi. Wengi waliokuwa wakijivunia M-Pesa kuwa mali ya Kenya walishangaa siku walipotangaziwa kwamba imerudishwa nyumbani.

Kuigana kwenyewe kunaonekana vizuri kwenye minara. Mwishoni mwa 2011 MTN Uganda ilikubali kuiuza minara yake kwa kampuni ya ubia na American Tower ya Marekani, na yenyewe ikabaki mpangaji. Mwaka uliofuata Orange Uganda ikauza yake kwa Eaton Towers. Miaka michache baadaye Airtel nayo ikauza kwa Eaton. Halafu mwisho wa 2019 American Tower ikainunua Eaton yote. Kila mmoja alifanya uamuzi wake kwa hesabu zake, na hesabu zilikuwa nzuri, maana mnara mmoja unaobeba antena za kampuni mbili ni nafuu kuliko minara miwili inayotazamana.

Sasa mfikirie mchuuzi wa Masese mwenye simu ya laini mbili. Alinunua laini ya pili ili ya kwanza ikizima, hii imwokoe. Antena zote mbili zikiwa kwenye mnara mmoja na jenereta ikaishiwa dizeli, laini zote hunyamaza pamoja. Alidhani ana mitumbwi miwili, kumbe ni mmoja wenye makasia mawili.

Hiyo ndiyo hatari ambayo haionekani kwenye vitabu vya kampuni yoyote peke yake. Mkurugenzi wa benki anauliza kama msimamizi wa nje ni nafuu na kama anajua kazi. Anajibiwa ndiyo, na tena anaambiwa kwamba benki ya jirani inamtumia huyohuyo. Kwake hilo ni jambo la kumtuliza. Kwa mteja mwenye akaunti kwenye benki zote mbili, ni jambo la kumtia wasiwasi. Dunia iliona kipimo chake Julai 19, 2024, pale programu ya ulinzi ya kampuni moja, CrowdStrike, ilipotumiwa sasisho lenye kasoro na kuziangusha kompyuta ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5. Ndege, benki na hospitali za nchi mbalimbali zilisimama siku moja. Hapakuwa na mwizi wala vita. Wengi walikuwa wamechagua dawa moja kwa sababu wengi walikuwa wameichagua.

Wimbi hili sasa limefika kwenye sacco, shule, maduka ya dawa na viwanda vidogo. Mweka hazina wa sacco moja anakwenda kwenye semina, anakutana na mwenzake anayemwonyesha ujumbe unaoingia kwenye simu ya mwanachama kila anapoweka akiba. Anauliza programu hiyo ni ya nani. Wiki inayofuata muuzaji yuko ofisini kwake, na mkutano mkuu unaambiwa kwamba wenzetu wote wanayo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Huyo mwenzake huenda alikaa miezi sita akijadili mkataba, ana mtu wake wa kukagua, na ana nakala ya daftari la wanachama mahali pengine. Mgeni wake aliona ujumbe wa simu tu.

Serikali nazo zinasukuma. Tangu Januari 2021 wafanyabiashara wa Uganda waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani wanatakiwa kutoa risiti kupitia EFRIS, mfumo wa mamlaka ya mapato ya URA. Kenya ina eTIMS, na Tanzania ina mashine za EFD tangu 2010. Mwenye duka dogo anaweza kujitegemea kwa simu au kompyuta yake. Mwenye kiwanda au duka kubwa lenye programu yake ya mauzo atahitaji mtu wa kuiunganisha na mitambo ya serikali, na mtu huyo mara nyingi ni kampuni ya nje iliyokwisha kumfanyia jirani. Wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka Aprili 2024, kilio kilikuwa cha kodi, na kilikuwa pia cha mfumo ambao wengi walisema hawakueleweshwa.

Gazeti hili halisemi kampuni zirudishe sava ndani ya ofisi zao. Sacco ya wavuvi mia tatu haiwezi kumlipa mhandisi, na daftari lililoliwa na mchwa si salama kuliko sava ya Nairobi. Tena kuna kazi za namna hii zilizofanywa vizuri. Kanuni za benki kutumia mawakala zilipotoka Uganda mwaka 2017, kila benki ingeweza kujinunulia mfumo wake. Badala yake, kupitia chama chao, benki ziliungana na Eclectics International, kampuni ya programu ya Kenya, zikaunda Agent Banking Company, iliyoanza kazi 2018. Wakala mmoja anaweza kuwahudumia wateja wa benki tofauti kwa kifaa kimoja. Ujuzi umetoka Nairobi, benki ziko Kampala, wakala yuko kijijini: hiyo ni biashara ya kuvuka mpaka kama ile ya mukene, na tunaipongeza. Tunaipongeza zaidi kwa kuwa ilifanyika mchana kweupe. Mwenye mfumo anajulikana, na wabia wake wanajulikana. Huo nao ni mlango mmoja, lakini walau tunajua umeandikwa jina gani.

Tunacholalamikia ni milango isiyo na jina. Sheria zipo. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa zako ahakikishe kwamba yule anayemkabidhi azichakate anazilinda. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka huohuo, Tanzania ikafuata 2022. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Uganda ya 2020 imeipa Benki Kuu mamlaka ya kutoa leseni kwa wanaoendesha mifumo ya malipo. Kwa hiyo mdhibiti ana njia ya kuwajua. Anayebaki gizani ni mama wa Masese ambaye pesa yake ndiyo inayopita.

Tunataka benki na kampuni za simu ziandike, kwenye masharti ya akaunti na kwenye tovuti zao, jina la kila kampuni ya nje inayoshika pesa au taarifa za mteja njiani, na nchi ambako mitambo yake iko. Hii si siri ya biashara. Mchinjaji huonyesha muhuri wa daktari wa mifugo bila kuhofia kwamba jirani ataiba nyama. Siku huduma inaposimama, ujumbe unaotumwa kwa mteja utaje ni sehemu gani imesimama, kwa sababu mtu akijua kwamba njia ya benki kwenda kwenye simu ndiyo iliyofungwa na ile ya simu kwa simu iko wazi, anaweza kuomba mkopo wa siku moja kwa mwenzake na kuokoa mzigo. Maneno ya "tatizo la kiufundi" hayamsaidii kuamua kitu.

Na fidia idaiwe pale mteja alipofungua akaunti. Mtu hakusaini mkataba na kampuni ya katikati, hajui ofisi zake, na haiwezi kuwa haki aambiwe aende huko. Benki iliyochagua kukabidhi kazi ndiyo imlipe mteja wake, kisha yenyewe ikadaiane na iliyemkabidhi.

Kuna sehemu ambayo hakuna nchi moja inayoweza kuifanya. Magavana wa benki kuu za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukutana mara kwa mara katika kamati yao ya masuala ya fedha. Tunawaomba waweke mezani orodha ya kampuni za kompyuta zinazohudumia benki na mitandao ya simu katika nchi zaidi ya moja ya Jumuiya, na waseme nini kitafanyika moja ya hizo ikianguka. Lori likitoka Mombasa kwenda Kampala huwekewa kifaa cha kielektroniki, na maofisa wa Kenya na Uganda hulifuatilia njia nzima. Kazi ya kuendesha pesa zetu inavuka mpaka uleule kila dakika, na hakuna dirisha Malaba linaloiona ikipita.

Kwa viongozi wa sacco za Jinja, Mbale na Tororo: kabla hamjasaini kwa sababu wenzenu wamesaini, mwulizeni muuzaji maswali ambayo mngemwuliza mtu anayetaka kukodi ghala lenu. Mkataba ukiisha, daftari la wanachama litarudishwa kwa muundo gani, na kwa muda gani? Bei ya mwaka wa tatu ni ngapi? Nani mwingine yuko kwenye sava hiyohiyo? Siku intaneti ikikatika, mtampa vipi mwanachama akiba yake? Na mchapishe salio za wanachama kwenye karatasi kila mwisho wa wiki, mzifungie kabatini, hata kama kijana wa kompyuta atawacheka.

Kuanzia wiki hii tunaziandikia benki na kampuni za simu zinazohudumia mialo ya upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, tukiuliza swali moja: pesa ya mteja wenu ikitoka kwenye akaunti hadi ifike kwenye simu yake, inapita mikononi mwa kampuni zipi? Majibu tutayachapisha na majina yake. Watakaokaa kimya tutawataja pia.